Namna ya Kuwatofautisha Kozi Wawili Wadogo wa Borneo

Kisiwa cha Borneo kina kozi wawili wadogo mno, ndege wawindaji wanaokaribiana sana kwa nasaba na kwa sura: kozi wa mapaja meusi, Microhierax fringillarius, na kozi wa paji jeupe, Microhierax latifrons. Kila mmoja ana urefu wa takriban sentimita 15, kwa hiyo ni wadogo kuliko hata kozi kibete wa nyika za Tsavo, anayefikia sentimita 20 hivi. Wote wawili ni weusi mgongoni na weupe kifuani, wenye rangi ya kahawia nyekundu hafifu tumboni.

Jambo la kwanza ni kujua uko wapi. Kozi wa paji jeupe hapatikani popote duniani isipokuwa kaskazini mwa Borneo, hasa katika jimbo la Sabah nchini Malaysia, ilhali mwenzake huenea katika sehemu kubwa iliyobaki ya kisiwa, Sumatra, Java na rasi ya Malay hadi kusini mwa Thailand na Myanmar. Ukiwa Sepilok au Tabin, misitu ya Sabah, mtarajie wa paji jeupe. Ukiwa Brunei, mtarajie wa mapaja meusi. Hata hivyo, mahali pasikuamulie jambo, hasa karibu na mpaka wa Sabah na jimbo jirani la Sarawak. Mtazame ndege mwenyewe.

Kumpata si kazi ngumu, kwa kuwa hupenda kutua juu kabisa ya mti mkavu pembezoni mwa msitu au kwenye uwazi, akiwinda kerengende, nondo na kumbikumbi, kisha mara nyingi hurudi kwenye tawi lile lile kula alichokamata. Mwache atulie, nawe ujisogeze hadi jua liwe nyuma yako, maana uso wenye mwanga nyuma yake huonekana mweusi wote.

Sasa elekeza darubini nyuma ya jicho. Kozi wa mapaja meusi ana mstari mwembamba mweupe unaoanzia hapo na kushuka kando ya shingo, ukilitenga doa jeusi la sikioni na weusi wa utosi. Kozi wa paji jeupe hana mstari huo: weusi wa nyuma ya jicho umeungana moja kwa moja na ule wa kisogo. Kwa maoni yangu hii ndiyo alama ya kutegemewa kuliko zote, kuliko hata paji la uso lililompa ndege huyo jina, kwa sababu kozi wa mapaja meusi naye ana weupe kidogo juu ya mdomo.

Paji lifuate baada ya hapo. Dume wa paji jeupe ana weupe mpana uliopanda hadi mbele ya utosi, na jike wake ana eneo hilo hilo likiwa la kahawia nyekundu. Hapa tahadhari inahitajika, kwani makinda ya kozi wa mapaja meusi nayo huwa na rangi ya kahawia nyekundu mahali ambapo wazazi wao ni weupe usoni, na anayetazama paji pekee anaweza kuyaita jike wa aina nyingine. Angalia upana wa rangi hiyo, kisha rudi tena kwenye mstari wa nyuma ya jicho.

Kozi hawa hukaa kwa jozi au vikundi vidogo, hivyo usiridhike na ndege mmoja. Subiri wenzake watue, kwani dume akionekana kando ya jike mwenye paji la kahawia, shaka huisha.