Kusasisha Skyfield bila kuvuruga kalenda ya macheo

Kalenda yangu ya macheo na machweo ya Kisumu naitoa kwa Skyfield, maktaba ya lugha ya programu ya Python ya kukokotoa mahali pa jua na sayari, iliyoandikwa na Brandon Rhodes. Toleo jipya likitoka, nafuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Kabla hujagusa kitu, endesha kodi (maandishi ya programu) ya zamani, uandike pembeni saa ya macheo ya siku mbili: katikati ya Februari na mwanzo wa Novemba. Sijazichagua ovyo. Kisumu iko longitudo 34.77 mashariki, na saa zetu za Afrika Mashariki zimepimwa kwa longitudo 45, hivyo jua hutufikia dakika 41 hivi baadaye. Tena mwaka mzima lenyewe huwahi au huchelewa kidogo. Februari utalipata likichomoza karibu saa 12:51 asubuhi, Novemba karibu saa 12:21. Mwaka hauna tofauti kubwa kuliko hiyo hapa kwetu.

(Skyfield hutoa saa za UTC, yaani saa za kimataifa. Ongeza 3 upate saa ya simu, au 9 upate saa ya Kiswahili: 03:51 inakuwa 12:51.)

Hatua ya 2: Fungua mazingira mapya ya Python kwa `python -m venv jaribio`, uyawashe, kisha `pip install --upgrade skyfield`. Yale ya zamani yaache kwanza.

Hatua ya 3: Endesha kodi ndani ya folda yenye `de421.bsp`, faili ya mahali pa jua na sayari. Isipoiona itaipakua upya, na hizo ni MB 17 za bando. Faili hiyo inafika 2053, inatosha.

Hatua ya 4: Hapa ndipo penye mtego. Kodi nyingi za zamani hutaja mahali, latitudo kisha longitudo, hivi:

`Topos('0.09 S', '34.77 E')`

Siku hizi tunaandika:

`wgs84.latlon(-0.09, 34.77)`

Herufi za S na E zimeondoka, kusini imebaki alama ya kutoa tu. Mimi niliiweka kwenye longitudo. Hakuna onyo lililotokea. Kalenda ilitoka safi kabisa, ila jua la Februari lilichomoza saa tano na nusu asubuhi. Nilikuwa nimeihamishia Kisumu katikati ya Atlantiki.

Hatua ya 5: `sunrise_sunset` bado inafanya kazi, lakini `find_risings` ina kasi zaidi. Yenyewe hutaka mahali pakiwa pameunganishwa na dunia (`eph` ni ile `de421.bsp` ikiwa imefunguliwa; `t0` na `t1` ni mwanzo na mwisho wa kipindi):

`mahali = eph['earth'] + wgs84.latlon(-0.09, 34.77)`
`t, y = almanac.find_risings(mahali, eph['sun'], t0, t1)`

Linganisha na zile saa mbili ulizoandika. Zikipishana kwa zaidi ya dakika moja, rudi hatua ya 4 ukague alama zako.