Jinsi ya kuisoma alama ya mtengenezaji nyuma ya beji ya zamani

Mtu akinipa beji ya zamani ya jeshi au ya chama niitazame, kwanza naigeuza. Mghushi hutia bidii yake yote usoni mwa beji. Nyuma ndiko kwenye chapa ya kiwanda, pini, bawaba na lehemu, na huko ndiko uongo unakogunduliwa. Swali langu la kwanza huwa hili: je, alama hii ilikuwa imeshaanza kutumika mwaka ambao beji inadaiwa kutengenezwa?

Chukua Msalaba wa Chuma wa Ujerumani, daraja la kwanza. L/12 nyuma yake ni namba ya C. E. Juncker wa Berlin. Namba za L/ zilianza 1941, zilipotolewa kwa viwanda vilivyoruhusiwa kuuza nishani madukani. Basi msalaba wenye tarehe 1914 mbele na namba ya L/ nyuma haukupewa askari yeyote katika vita vya kwanza. Huenda mkongwe aliununua baadaye badala ya ule uliopotea, lakini bei yake haiwezi kuwa ile ile.

Jina la kweli la kiwanda nalo halitoshi. Steinhauer & Lück wa Lüdenscheid, waliotumia namba 4 isiyo na L/, walitengeneza nishani wakati wa vita. Mwaka 1957 Ujerumani Magharibi iliruhusu nishani hizo zivaliwe mradi swastika iondolewe, na kiwanda hicho hicho kikazitengeneza upya. Beji za chama cha Nazi zina mfumo wake: herufi RZM, kifupi cha ofisi ya ugavi ya chama hicho, kisha M1/ na namba ya kiwanda. Utaratibu huo ulishika baada ya Hitler kuingia madarakani 1933, kwa hiyo anayekuuzia beji yenye RZM kwa madai kwamba ni ya miaka ya 1920, mwachie mwenyewe.

Kwa beji za Uingereza za madini ya fedha kazi ni nyepesi zaidi. Askari walikuwa wakiwapa wake na wachumba wao bruchi, yaani mapambo ya pini, zenye nembo ya kikosi. Chapa ya nanga maana yake fedha hiyo ilipimwa Birmingham, simba anayetembea anathibitisha kiwango cha 925 kwa 1000, na herufi inaonyesha mwaka wa kupimwa. Tazama umbo la herufi na la fremu yake pia, kwa sababu Birmingham ilianza mfululizo wa herufi kwa a ndogo 1900, ikaanza upya kwa A kubwa 1925. Jeshi la anga la Uingereza liliundwa tarehe 1 Aprili 1918; bruchi yake yenye herufi ya 1910 haihitaji mjadala.

Sasa shika lenzi ya kukuza mara 10, na hapa usiwe na haraka. Chapa iliyogongwa kwa chuma ina kingo kali, na sakafu ya kila herufi ni bapa na laini. Iliyotoka kwenye kalibu pamoja na beji nzima ina kingo zilizolegea na vitundu vidogo kama vya mkate. Halafu pima upana. Kalibu ikichukuliwa kutoka kwa beji halisi, metali ikipoa husinyaa, na nakala hutoka ndogo kidogo.

Beji za kampeni za uchaguzi za Marekani zina ushahidi wa karatasi. Whitehead & Hoag wa Newark, New Jersey, waliweka ndani ya beji zao za seluloidi (plastiki ya zamani) karatasi yenye jina lao na tarehe za hataza, yaani haki za uvumbuzi, za 1896. Chini ya lenzi, maandishi ya asili ni wino uliojaa. Yaliyotolewa kwa printa yana vidoa vidogo. Zima taa, washa tochi ya urujuanimno (UV): karatasi ya kisasa mara nyingi hung'aa buluu.

Beji zilizochapwa rangi moja kwa moja juu ya bati zilienea kuanzia uchaguzi wa 1920. McKinley, mgombea urais wa 1896, akiwa juu ya bati tupu, bila seluloidi, hiyo ni nakala. Nyingi zilitolewa kama zawadi za matangazo mwaka 1972, zikiwa na maandishi madogo kwenye ukingo, na sheria ya 1973 ikalazimisha nakala mpya ziwekwe mwaka wa kutengenezwa. Wajanja huyakwangua maandishi hayo. Zungusha ukingo polepole chini ya mwanga wa pembeni: ukikuta mkwaruzo mfupi mahali pamoja tu, huku ukingo uliobaki ukiwa na kutu yake ya zamani, irudishe.