Umepita miaka 60 na una kitenge cha kushonesha? Anza hapa

Shikamooni mama zangu. Mimi ni fundi cherehani, niko Dar es Salaam, na wateja wangu wengi ni kina mama waliokwishastaafu. Ramadhani na Kwaresima zikishapita, msimu wa harusi unaanza na maswali yanakuwa yaleyale. Kamati imetuma picha ya kitenge kwenye kundi la WhatsApp, mabinti wamechagua mshono wa kubana wenye mgongo wazi, na mama mkubwa wa miaka 67 naye anaambiwa ashone hivyohivyo "ili tufanane". Anaingia kwangu ameshika kitambaa kama aliyepokea barua ya mahakama. Wengine wameshakata tamaa kabla hata hawajakaa: "Mwanangu, nishonee dera tu, pana, linifunike."

Dera lina raha zake, la nyumbani. La harusini tutalizungumza. Ila kwanza tukubaliane jambo moja: sare ni kitambaa, mshono ni wako. Hakuna kamati itakayosimama mlangoni kukagua kiuno chako.

Hatua ya 1: Mweleze fundi utakayoyafanya ukiwa umelivaa

Kumwambia "ni la harusi" haitoshi. Utapanda bajaji au gari la juu? Utapiga magoti kanisani? Utakaa ukumbini mpaka saa sita usiku? Utaingia na zawadi ukicheza? Mwambie kabla hajachukua tepu.

Hatua ya 2: Kitambaa

Kama kamati imeshachagua, ruka hapa. Kama unachagua mwenyewe, nenda Kariakoo asubuhi kabla jua halijakolea, mtaa wa Uhuru na mitaa ya jirani, na usinunue kwa picha ya simu. Kishike. Kifumbate kwenye ngumi, hesabu hadi kumi, fungua. Pamba itabaki na makunyanzi. Kikirudi kilivyokuwa, kina poliesta nyingi, na poliesta kwenye joto la Dar la Desemba mpaka Machi ni adhabu, hasa kwa mama ambaye bado anapandwa na yale majoto ya ghafla.

Ukiwa na shaka, omba nyuzi chache za pembeni, toka nje, ziwashe kwa kiberiti. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na inaacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ukiona jivu na kidonge pamoja, ni mchanganyiko.

Kigeuze pia. Kitenge cha waksi chenyewe rangi imepenya, mbele na nyuma karibu ni sawa. Kikiwa kimepauka nyuma, kimechapwa upande mmoja tu. Kinafaa kwa shughuli moja, lakini usikilipie bei ya waksi.

Kitenge huuzwa kwa pisi ya yadi 6. Gauni refu lenye mikono, kwa mama wa mwili wa wastani, yadi 4 kwa kawaida zinatosha, lakini mimi nasema chukua zote 6. Maua makubwa yanahitaji kitambaa cha ziada ili yakutane vizuri pale mbele, na kinachobaki ni kilemba.

Kuhusu rangi: simama penye mwanga wa mlangoni, weka kitambaa chini ya kidevu, halafu tazama uso wako kwenye kioo, usitazame kitambaa. Uso ukichangamka, nunua. Habari za kwamba manjano na nyekundu ni za wasichana, na bibi avae kahawia na kijivu, waachie wanaozisema.

Hatua ya 3: Kiloweke

Maji ya kawaida, usiku mmoja, anika kivulini, piga pasi. Pamba husinyaa ikifuliwa mara ya kwanza, na ni heri isinyae kabla ya kukatwa. Chumvi ya "kushika rangi" haisaidii, ihifadhini kwa mboga.

Hatua ya 4: Vipimo

Hapa ndipo magauni ya kina mama yanapoharibikia, kwa hiyo nitakaa hapa.

Usipeleke gauni la zamani ukasema "nikatie kama hili". Najua mafundi wengi wanalipenda kwa sababu linawapunguzia kazi. Lakini gauni la miaka kumi na tano iliyopita lilikatwa kwa mwili mwingine. Diski za uti wa mgongo hukonda kadiri umri unavyokwenda, na urefu unapungua. Mabega yanakuja mbele, mgongo wa juu unaanza kupinda, kifua kinashuka, tumbo linatangulia. Mizani inaweza kukuonyesha kilo zilezile na bado gauni likakukataa.

Nesi mmoja mstaafu aliniletea gauni lililoshonwa kwingine. Akisimama, shingo ya mbele inamkaba, shingo ya nyuma inateleza kwenda mgongoni, na pindo la nyuma limepanda wakati la mbele linagusa viatu. Muda wote mkono wake uko kifuani, anavuta. Fundi alikuwa ameshalipanua kiunoni na kwenye nyonga, na nyumbani wameshamwambia amenenepa. Nikamgeuza nikamtazama ubavuni. Mwili ulikuwa umetosha kabisa humo ndani. Kilichokuwa kifupi ni kipande cha nyuma, kutoka shingoni kuja kiunoni. Mgongo uliopinda kidogo unakula kitambaa kingi zaidi kuliko ulionyooka, na kitambaa kisipotosha kinakwenda kuazima mbele. Ndiyo maana linakaba. Ukilipanua ubavuni hata kwa futi nzima, litaendelea kukaba.

Kwa hiyo pima hivi, na mwambie fundi akuandikie, asishike kichwani:

Vaa sidiria utakayoivaa siku hiyo. Si ile ya kwendea sokoni. Sidiria ikipandisha kifua inchi moja, kila kinachofuata kinahama. Kama huvai sidiria kabisa, hiyo nayo ni sawa, ila pimwa hivyohivyo.

Simama unavyosimama siku zote. Fundi akikwambia "nyooka mama", mkatalie kwa upole. Utanyooka kwa dakika mbili za kupimwa, kisha utakaa ukumbini na mgongo wako halisi.

Funga kamba au lastiki nyembamba kiunoni, uiname pembeni kidogo kushoto na kulia. Itakapotulia ndipo kiuno chako kilipo leo. Kwa wengi kimepanda, na kwa wengine nyuma kiko juu kuliko mbele. Iache kamba hapohapo mpaka mwisho.

Sasa urefu wa nyuma: kutoka kwenye ule mfupa uliochomoza chini ya shingo mpaka kwenye kamba, tepu ikifuata mgongo. Halafu urefu wa mbele: kutoka begani pale linapokutana na shingo, kupitia kilele cha titi, mpaka kwenye kamba. Ni vipimo viwili tofauti, na vyote viwili viandikwe. Fundi anayechukua kimoja akakisia kingine anafaa kwa wasichana. Chukua pia upana wa mgongo, kwapa hadi kwapa, na upana wa kifua kwa mbele hivyohivyo. Mabega yakija mbele, mgongo unakuwa mpana na kifua chembamba.

Mgongo ukiwa umepinda, fundi aongeze urefu kwenye patani, yaani ule mchoro wa kukatia, katikati ya mafupa ya mabega. Asiongeze kwenye pindo, chini hakusaidii. Inchi moja mara nyingi inatosha, wengine wanataka mbili. Kitambaa kinachozidi shingoni akipunguze kwa marinda madogo mawili, au akate kipande cha mabega cha nyuma na kukiunganisha, kama kwenye mashati ya wanaume. Mimi napenda hiki cha pili: mshono unafichika na mgongo unaonekana umenyooka. Mshono wa juu ya bega nao usogezwe mbele kidogo, ufuate bega lilipo sasa.

Kutoka kwenye kamba mpaka sakafuni pima mara tatu: mbele, ubavuni, nyuma. Uwe umevaa viatu vya siku hiyo. Mwenye tumbo, pindo la mbele ndilo linalopanda. Mwenye makalio, la nyuma. Akipima upande mmoja tu, hutajua mpaka picha za harusi zitoke. Na gauni liishie juu ya kifundo cha mguu, liache vidole huru. Gauni la kuburuza, kwenye ngazi za ukumbi, usiku, kwa mama wa miaka sabini, mimi sishoni hata bibi harusi akipiga simu.

La mwisho, na hili mafundi karibu wote hulisahau: kaa kwenye kiti kigumu na upimwe nyonga na tumbo ukiwa umekaa. Mwili ukikaa unatanuka. Kipimo cha kukaa kikizidi cha kusimama kwa inchi mbili, sketi ikatwe kwa hicho cha kukaa, maana harusini utakaa kuliko utakavyosimama.

Kuna mama watakaoona aibu kusomewa inchi kwa sauti mbele ya wateja wengine. Mwambie fundi aandike kimya. Fundi mwenye adabu hatangazi kifua cha mtu.

Hatua ya 5: Mshono

Tundu la mkono. Watu wanadhani kwapa likiwa pana na likishuka ndiyo raha. Ni kinyume. Kwapa likishuka, ukiinua mkono gauni zima linapanda nawe. Kwapa likikatwa juu, karibu na mwili bila kubana, mkono unakwenda peke yake. Fundi wako anaweza kubisha. Mwambie ajaribu kwa kitambaa cha bei rahisi kwanza.

Mikono iishie kati ya kiwiko na kiganja. Mirefu inaingia kwenye mchuzi, mifupi sana wengi hawaipendi. Anayependa mikono yake wazi aiache wazi, ni yake.

Pa kuvalia pawe mbele. Zipu ya mgongoni inataka mtu wa kukufungia, na bega likiuma huifikii. Vifungo viwe vikubwa, hasa kama vidole vinakaza asubuhi. Vile vidogo vilivyofunikwa kitambaa ni vya kutesana. Usiogope kwamba vifungo vya mbele ni vya kiofisi, vinategemea kilichopo shingoni.

Bitana ya poliesta sitaki kuisikia. Umenunua pamba upate hewa, halafu unaizungushia poliesta ndani? Weka poplini ya pamba sehemu ya juu, na chini vaa gagulo la pamba. Gamstifu, kile kitambaa cha kukazia kinachobandikwa ndani, iwekwe shingoni na kwenye mstari wa vifungo tu.

Mifuko miwili ubavuni, ya kina cha kumeza simu na miwani. Usimwache fundi akwambie inaharibu umbo.

Ndani ya mishono ya ubavuni aache inchi moja na nusu kila upande. Wanaokata karibu wanabana kitambaa chako, na mwakani utalia.

Na kiuno? Wengi wanaoomba dera wanaogopa tumbo. Gauni linaloanguka wima kutoka kifuani hadi chini linalifanya tumbo liwe kubwa zaidi, kwa sababu pale mbele linasimama kama limewekewa kitu. Ukikata mshono kidogo juu ya kiuno, chini tu ya kifua, kisha sketi ikatanuka taratibu, tumbo linapata nafasi na mwili unaonekana una mwanzo na mwisho. Sijakutana na mwili usiopendeza kwa mkato huu.

Hatua ya 6: Lijaribu kabla halijapigwa ovaloki ya kumalizia kingo

Kaa. Inua mkono kama umeshika bomba la daladala. Inama kama unafunga kiatu. Panda kizingiti. Fanya rukuu au piga magoti, kwa dini yako. Kila mahali mkono wako unapokwenda wenyewe kuvuta kitambaa, hapo pana kasoro, na fundi apatie alama kwa chaki palepale, wewe ukiwa bado umelivaa. Usikubali "nimeshaona mama, nitarekebisha".

Usije na mwanao wa kike siku hii kama ni yule anayesema "mama kwa umri wako". Njoo na rafiki mnayecheka naye.

Hatua ya 7: Kulichukua

Harusi ikiwa Jumamosi, mwambie fundi ni Jumamosi ya wiki iliyotangulia. Tunajulikana, sina cha kutetea. Usimalizie hela mpaka umelivaa tena na kutembea nalo hadi nje na kurudi. Kisha dai vipande vilivyobaki, hata vile vidogo vya kiganja, na uviweke mfuko mmoja na karatasi ya vipimo vyako. Ukija kutaka kuongeza kipande chini ya kwapa, kitenge kilekile dukani hakitakuwepo tena.