Inveta inazimika kwa mzigo mdogo? Pima hivi kabla hujanunua nyingine

Juzi niliitwa Kibaigwa kwenye saluni ya kiume. Kinyozi alikuwa ameshanunua inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya pili, zote za wati 1000, mfumo wa volti 12, na tatizo lilikuwa lilelile. Akiwasha televisheni, feni, mashine na kile kisanduku cha kupashia taulo, jumla kama wati 500, inalia pii pii pii halafu giza. Mteja amebaki na kichwa nusu. Fundi aliyenitangulia alimshauri anunue ya wati 2000. Mimi nikatoa mita ya kupimia volti, na inveta haikuwa na kosa lolote.

Somo hili linafuata njia niliyopita siku ile. Ni kwa betri za risasi za volti 12. Mwenye mfumo wa 24 azidishe namba za volti za betri mara mbili. Lithiamu ina namba zake.

Vua pete na saa. Spana ikigusa vichwa vyote viwili vya betri inawaka mkononi mwako. Ukitaka kufungua nyaya, toa za paneli kwenye kontrola (kile kisanduku kinachosimamia kuchaji) kwanza, ndipo za betri.

Hatua ya 1: betri ikiwa imepumzika. Pima alfajiri, jua halijatoka, kila kitu kimezimwa. Ukiona 12.6 au 12.7 imejaa. 12.2 ni kama nusu. Chini ya 11.9 huna kitu, na shida yako iko kwenye kuchaji. Ruka hadi hatua ya 4.

Hatua ya 2: betri ikiwa kazini. Hapa ndipo mafundi wengi hawafiki. Washa mzigo uleule unaoleta shida. Gusa ncha za mita kwenye vichwa vya betri vyenyewe, si kwenye klempu, yaani vibanio vinavyoshika nyaya. Andika. Kisha gusa kwenye skrubu za inveta nyuma, pale nyaya zinapoingia. Andika tena.

Pale saluni, betri ilisoma 12.1. Kwenye inveta, 10.6. Volti moja na nusu imepotelea njiani! Inveta nyingi za volti 12 hujizima zikifika karibu na 10.5, kwa hiyo ilikuwa inajilinda tu.

Kama betri yenyewe ndiyo inayoporomoka, mfano kutoka 12.6 hadi 11 kwa mzigo wa kawaida, basi imechoka. Inveta kubwa zaidi haitaiponya.

Hatua ya 3: nyaya na klempu. Wati 500 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 40. Yule bwana alikuwa na waya wa milimita 6 za mraba, mita tatu kwenda na tatu kurudi, kwa sababu alitaka inveta ikae kaunta ionekane. Waya huo peke yake ulikula karibu volti 0.8. Iliyobaki ilikuwa kwenye klempu ya hasi: unga wa kijani umeifunika, na ukiigusa inaunguza.

Nilisafisha kwa maji ya moto na msasa, nikakaza, nikapaka grisi. Inveta nikaisogeza karibu na betri, pembeni yake na si juu, maana mvuke wa tindikali unakula bodi. Nikafunga waya wa milimita 25, mita moja. Kaunta ikapata soketi kwa waya wa kawaida, kwani upande wa volti 230 mzigo uleule ni ampea mbili na kidogo tu.

Hatua ya 4: paneli. Futa vumbi asubuhi kioo kikiwa baridi. Angalia kivuli, hata cha mlingoti wa antena. Na usidai wati 100 kutoka paneli ya 100: namba ile imepimwa seli ikiwa nyuzi 25, na juu ya bati la Dodoma mchana inapita 60. Ukipata 75, shukuru.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, mita yangu inasoma volti 175 kwenye soketi ya inveta, lakini taa zinawaka vizuri. Imekufa?*
Haijafa. Inveta za bei nafuu hutoa wimbi la kona kona kama ngazi, si laini kama la TANESCO, na mita ya kawaida hulisoma pungufu. Azima mita yenye maandishi ya TRUE RMS usoni, yaani inayosoma sawasawa hata wimbi la namna hiyo, upime upya.

*Fundi, friji yangu ni wati 120, inveta 600, bado inazima friji ikitaka kuwaka.*
Kompresa inapoanza huvuta mara kadhaa ya wati zake kwa muda mfupi. Fanya hatua ya 2 sekunde hiyohiyo inapoanza. Volti ikianguka, ni nyaya au betri. Isipoanguka, hapo kweli inveta ni ndogo.

*Nina paneli ya wati 250 ya volti 30, betri moja ya 12, kontrola ya PWM. Sipati hata 120.*
Na hutapata. PWM ni kontrola ya aina rahisi: inaishusha paneli hadi volti ya betri, ampea zinabaki zilezile. 250 gawa kwa 30 ni ampea 8.3, na 8.3 mara volti 13 za kuchaji ni kama wati 108. Unahitaji kontrola ya MPPT, inayogeuza volti za ziada kuwa ampea.

*Naweza kuunga betri mpya na ya zamani?*
Usiunge. Ya zamani itaichosha mpya.

*Na ile inveta ya kwanza ya kinyozi aliitupa?*
Alimpa shemeji yake. Inafanya kazi hadi leo.