Unaimba kwaya na unapenda taarabu: namna ya kuacha kujificha

Mama alizichoma kanda zetu za taarabu nyuma ya jiko la nje, Tanga, mwaka 1998, wiki moja baada ya kuokoka kwenye mkutano wa injili. Nilikuwa na miaka 11. Kanda zilikuwa 14; naikumbuka idadi kwa sababu mimi ndiye niliyetumwa kuzibeba kwa beseni. Nyingi zilikuwa za vikundi vya hapohapo mjini kwetu, Black Star na Lucky Star. Utepe ulijikunja kama nywele zinazoungua, ukatoa moshi mweusi, na ile harufu ilikaa kwenye kanga yangu mpaka siku ya kufua. Mama alikuwa anaimba pambio huku machozi yanamtoka. Sikuthubutu kumuuliza analilia dhambi au analilia kanda.

Ninaanza na moto ule kwa sababu kazi ya kwanza utakayofanya, wewe unayejificha kama nilivyojificha mimi, ni kutafuta hatia yako ilizaliwa wapi. Chukua karatasi. Weka wimbo unaoupenda, na yale maneno yanayokujia kichwani kukuzuia, yaandike vilevile yalivyo. Yangu yalikuwa haya: "Ukifa saa hii, utakutwa unasikiliza nini?" Sasa jiulize, hii sauti ni ya nani? Mimi ilinichukua miaka kutambua kwamba ni ya mhubiri wa mkutano ule wa 1998, pamoja na kukwaruza kwa spika zake. Nilikuwa nimeichukua sauti ya mtu nikaiita ya Mungu.

Kisha jiulize swali la pili: nimemkosea nani? Likija jina, nyanyuka ukaombe radhi, hiyo ni hatia ya kweli na dawa yake inajulikana. Lisipokuja jina lolote, ila hofu tu kwamba fulani ataona, hiyo ni aibu. Usiitubie aibu. Mimi nimeitubia mara nyingi mno, mbele ya madhabahu, nikarudi nyumbani na mzigo uleule.

Kama ni Mkristo, soma Warumi 14 yote, usichukue kipande. Paulo anazungumza na watu wanaohukumiana kwa vyakula na siku, na anawaambia: "Kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe." Kuthibitika ni kazi, maana yake ukae ulifikirie jambo mpaka ujue unasimama wapi. Ndugu zangu Waislamu wana mjadala wao wa ala za muziki, ni wa zamani sana na wanazuoni wametofautiana. Huo siuingilii. Ninachoweza kusema ni kwamba mtafute sheikh anayesikiliza kabla ya kujibu.

Baada ya hapo, sikiliza ukiwa umekaa. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tukishazoea kusikiliza kwa wizi, sauti chini, kidole tayari kuzima, hatuujui hata wimbo wenyewe. Tenga nusu saa, funga mlango kama ni lazima, lakini usipunguze sauti. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza, nikiwa na umri wa miaka 30 na ushee, ndipo nilipousikia ushairi: beti za mistari mitatu, kila mstari umekatwa katikati, vina vya kati vinaitikiana na vya mwisho vinaitikiana, halafu kiitikio kinarudi kama wimbi. Nikasikia kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na fidla zikisemezana katika nyimbo za asilia, yaani taarabu ya zamani, na katika rusha roho, taarabu ya kisasa, nikasikia gitaa la besi likitembea chini ya kinanda. Na nikaelewa kwa nini napenda sana ile saa ya kumtunza mwimbaji. Mwanamke ameketi kimya, mshipi kiunoni, kumbe anasubiri mstari wake. Unapofika, ananyanyuka taratibu, noti imeshikwa kwa vidole viwili juu ya kichwa, anacheza mpaka mbele ya mwimbaji, anaikabidhi na kumwangalia mtu mmoja tu ukumbini. Hajasema neno, na limeshasikika. Kwa mtu aliyelelewa kunyamaza, hilo ni jambo kubwa mno.

Ukishaujua wimbo vizuri, weka mipaka yako mwenyewe, kwa uaminifu. Mimi nyimbo zinazomcheka mwanamke kwa kukosa mtoto sisikilizi. Nimekaa na dada yangu hospitalini, najua maneno yale yanakata wapi. Hakuna aliyenikataza. Utashangaa jinsi moyo unavyotulia ukishajua ni kipi unakikataa kwa sababu zako.

Sasa tuje kwenye simu, maana siku hizi aibu inasafiri humo. Mwaka juzi niliweka stetasi ya sekunde 30, nikicheza rusha roho kwenye shughuli ya binamu yangu. Kabla ya magharibi skrinishoti ilikuwa kwenye kikundi cha kwaya, na mtu ameandika: "Mdomo uleule wa Jumapili?" Nilisimamishwa kuimba miezi 3. Wiki ileile, kwenye kikundi cha wapenzi wa taarabu nilichokuwa nakimbilia, nikaambiwa ninachokipenda si taarabu bali ni kelele za kinanda, nikajifunze asilia kwanza, na tena, mlokole kafuata nini huku? Niliwajibu wote, pande zote mbili, mpaka saa 8 usiku. Nisikilize mimi: usifanye hivyo. Siku ya kwanza usiandike kitu. Siku ya pili andika sentensi moja tu, isiyo na samahani wala kijembe. Yangu ilikuwa: "Ndiyo, ni mimi, na wimbo ule naupenda." Halafu nyamazisha arifa za kikundi. Skrinishoti ina nguvu pale tu inapofichua siri, na ukikiri mwenyewe haina tena cha kufichua. Kuchagua nani aone stetasi zako si vibaya, faragha ni haki yako, ila ifanye kwa utulivu, usiifanye kwa kukimbia.

Na wale wa "hiyo si taarabu", huna haja ya kubishana nao, lakini ijue historia ili wasikuyumbishe. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuileta taarabu kutoka Misri, ikaimbwa kasrini kwa Kiarabu. Akaja Siti binti Saad, mtoto wa mfinyanzi kutoka Fumba, akaiimba kwa Kiswahili. Wakamcheka sura yake, wakamtungia na wimbo wa kumcheka kwa kaniki alizotoka nazo shamba. Naye akawajibu kwa wimbo kwamba la maana ni akili, uzuri wa sura si hoja. Mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi santuri. Miaka ya 1990, waimbaji Khadija Kopa wa kikundi cha TOT (Tanzania One Theatre) na Nasma Khamis wa kikundi cha Muungano walipokuwa wakipigana vijembe jijini Dar, wapenzi wa asilia wakalalamika tena. Kila aliyeifungua taarabu mlango mpya ameambiwa anaiharibu.

La mwisho ndilo gumu: mwambie uso kwa uso mtu ambaye maoni yake yanakuuma kweli. Mmoja au wawili, si kijiji kizima. Mwalimu wa kwaya nilimaliza naye kwa dakika 10. Mama nilimfuata Tanga wakati wa Pasaka. Alikuwa anachagua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, taarabu mimi bado nasikiliza. Sikuwahi kuacha."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo, kisha ikaendelea. "Humu ndani mwangu usiipige."

"Sawa mama."

Usiondoke umenuna ukijibiwa hivyo. Hukwenda kuomba ruhusa, ulikwenda kuacha kumdanganya, na nyumba ni yake. Tulikula wali ule pamoja. Jumapili iliyofuata nilirudi kwenye safu ya sauti ya pili, na kwenye daladala ya kurudi nyumbani nikaweka wimbo wangu, sare ya kwaya mwilini, kioo cha simu kikiangalia juu.