Namna ya Kusimulia Onyesho la Mchekeshaji Mwimbaji Uliloliona Ana kwa Ana

Mtu anapotoka kwenye onyesho la mchekeshaji anayeimba, mbavu zikiwa bado zinamuuma, wenzake huja kesho yake kumuuliza lilikuwaje, naye hujibu, "Tulicheka sana, laiti ungekuwepo." Jibu hilo ni la kweli, lakini halimpi msikilizaji kitu chochote. Mwongozo huu nimewaandikia mashabiki wa Uganda tunaozungumza Kiswahili, wale wa Arua, Bombo, Jinja, Kasese na sisi wa Kampala, ambao hupenda kukutana baada ya onyesho ili kila mmoja aeleze aliyoyaona. Nimekaa katika mikutano ya namna hiyo kwa miaka kadhaa, na nimeona tofauti kubwa kati ya masimulizi yanayomfanya asiyekuwepo acheke na masimulizi yanayomwacha akitikisa kichwa kwa adabu tu.

Jambo la kwanza la kukubali ni kwamba huwezi kutoka na mzaha wenyewe. Mzaha wa kawaida ukiusikia sokoni unaweza kuurudia nyumbani, na ukiupata vizuri watu watacheka. Mzaha ulioimbwa hautoki ukumbini kwa urahisi huo, kwa sababu nusu yake ni maneno na nusu nyingine ni wakati. Aliyezoea mashairi ya Kiswahili ataelewa mara moja: kina cha mshororo wa kwanza kikishasikika, sikio huanza kukisubiri kina cha mshororo unaofuata, na mara nyingi msikilizaji hulitaja neno la mwisho kimoyomoyo kabla ya mwimbaji kulifikia. Mchekeshaji anayejua kazi yake hucheza na kusubiri huko. Hunyamaza pale pale neno linapotakiwa kuanguka, au huleta neno lenye kina kile kile lakini maana isiyotarajiwa na mtu, au huacha gitaa limalizie kile ambacho kinywa kimekataa kusema. Kwa hiyo unaposimulia, usikazanie kukumbuka maneno yote. Kumbuka kicheko kilianguka wapi, na muziki ulikuwa ukifanya nini nukta moja kabla ya hapo.

Nitoe mfano wa jioni niliyoiona mwenyewe katika Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza mjini Kampala, ule uliofunguliwa mwaka 1959, karibu na Bunge. Kijana mmoja aliingia na adungu, kile kinubi cha Waalur ambacho siku hizi kimeenea mbali na kwao Nile Magharibi. Aliketi, akavuta uzi mmoja, akasikiliza, akakaza kigingi, akavuta tena, akatikisa kichwa. Aliendelea hivyo kwa muda mrefu hata watu wakaanza kutazamana, na mzee mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya chini kwamba kijana angekuja ameshatengeneza ala yake nyumbani. Hatimaye kijana akatabasamu kama mtu aliyeridhika, akavuta pumzi, na akaanza wimbo wake wote juu ya uzi ule ule mmoja, ambao bado ulikuwa umepotoka vibaya. Ukumbi uliangua kicheko kabla hajatamka hata silabi moja.

Wiki iliyofuata tulikutana wanne kuusimulia usiku huo. Mwenzetu wa kwanza alisema, "Alikuwa anakaza uzi, halafu akapiga uzi ule ule," na hakuna aliyecheka. Dada mmoja kutoka Bombo alilisimulia jambo hilo hilo kwa njia nyingine: aliweka kidole hewani, akakaza kigingi kisichokuwepo, akasikiliza, akakunja uso, akarudia mara tatu bila kusema neno, na sisi sote tukiwa kimya tukimtazama. Alipofungua kinywa na kuimba sauti moja iliyopotoka, waliokuwa hawajaliona onyesho walicheka kuliko sisi tuliokuwepo. Yeye alikuwa amechukua muda kutoka ukumbini akauleta mezani, na hilo ndilo ninalotaka kila msimuliaji ajifunze: ukimya wa jukwaani usimuliwe kwa ukimya, kwa urefu ule ule au karibu yake. Ukisema "alinyamaza kidogo" kisha ukaendelea mbio, umekiua kicheko kwa mkono wako.

Ili uweze kufanya hivyo, lazima uanze kazi ukiwa bado kitini. Wengi hudhani simu itawakumbukia, nami nawasihi waiache mfukoni. Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006 inawalinda wasanii wa jukwaani pamoja na watunzi, na mchekeshaji ambaye wimbo wake umesambaa kwenye simu zote za mji hawezi tena kumshtua mtu nao, hali riziki yake ni huko kushtua. Isitoshe, kinasa sauti cha simu kilichoko katikati ya umati hunasa zaidi kicheko cha jirani yako kuliko sauti ya jukwaani. Chukua kipande cha karatasi na kalamu. Kwa kila wimbo andika maneno mawili au matatu tu hata kama ni gizani: ala iliyotumika, neno lililoangusha kicheko, na jambo moja uliloliona kwa macho. Mimi huandika pia mahali nilipoketi, kwa kuwa aliye safu ya mbele huona jicho likikonyezwa, na aliye nyuma husikia jinsi kicheko kinavyosafiri kutoka mbele kuja kwake.

Jambo la macho lisidharauliwe. Victor Borge, mpiga piano wa Denmark aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 2000, alikuwa na mchezo wa kuanguka kutoka kwenye kiti cha piano, kisha kurudi na kujifunga mkanda wa usalama kabla ya kuendelea kupiga. Hakuna neno la kunukuu hapo, na aliyefumba macho asikilize muziki tu alikosa mzaha wote.

Sasa nije kwenye suala la lugha, ambalo kwetu Uganda ni zito kuliko yote na ambalo wasimuliaji wengi hulipita. Katika ukumbi wa Kampala wimbo mmoja unaweza kuanza kwa Kiluganda, kibwagizo kikawa cha Kiingereza, kisha katikati ya ubeti akatokea afande akifoka kwa Kiswahili. Kicheko hakiji mara moja. Huja kwa mawimbi. Wanaojua Kiluganda hucheka kwanza, baada ya sekunde mbili hufuata wale waliotafsiriwa na jirani kwa kunong'onezwa, na wakati mwingine wimbi la tatu huwa la watu wanaochekea kicheko chenyewe. Mchekeshaji mzuri huyasubiri mawimbi hayo, akiendelea kucharaza gitaa polepole mpaka la mwisho litulie. Unaposimulia, eleza ulikuwa katika wimbi lipi. Kama ulinong'onezwa, sema hivyo bila haya, kwa sababu maelezo ya aliyenong'onezwa yana thamani yake: yanaonyesha ni nini kilichovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine na ni nini kilichobaki ng'ambo.

Usijaribu kutafsiri mzaha wa vina neno kwa neno. Vina vya Kiluganda haviji Kiswahili, na ukilazimisha utapata sentensi ambayo haina wimbo wala maana. Taja neno la asili jinsi lilivyo, eleza kwa kifupi linamaanisha nini na lingeweza kusikika kama neno gani jingine, kisha rudia mstari kwa lugha yake. Hii ndiyo njia tunayoitumia kwa nyimbo za kadongo kamu, zile za gitaa moja pekee, ambazo waimbaji wake kama Herman Basudde na Paulo Kafeero walisimulia kisa kirefu kwa utulivu huku fumbo likikaa katika neno moja. Mashabiki wasio Waganda wamekuwa wakielezwa fumbo hilo na majirani kwa miongo mingi, na starehe yao haikupungua.

Naongeza jambo lililo karibu na moyo wangu. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili ya nchi yetu, lakini jukwaani bado mara nyingi hutumiwa kwa sauti ya askari anayetisha watu kwenye kizuizi cha barabarani. Tunacheka, kwa kuwa tunaitambua sauti hiyo, na historia iliyoileta tunaijua. Hata hivyo, unapomsikia mchekeshaji akikiimba Kiswahili kwa mapenzi, kwa biashara ya mpakani Busia au kwa ugomvi wa mama mkwe, liandike hilo na uje utusimulie kwa urefu, maana sisi tunaoishi kwa lugha hii tunahitaji kujua ni wapi imeanza kuchekesha bila bunduki.

Masimulizi yafanyike mapema. Usiku huo huo, ukiwa kwenye teksi au umefika nyumbani, jirekodie ujumbe wa sauti wa dakika mbili au tatu kwa mpangilio wa nyimbo, kabla usingizi haujachanganya wimbo wa tatu na wa tano. Mkutano wenyewe usipite wiki moja. Sisi hukutana mahali penye chai ya maziwa na rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, na tunachagua saa ambayo muziki wa pale haujawa mkubwa, maana huwezi kusimulia ukimya mbele ya spika.

Kabla hujaanza, uliza nani bado hajaliona onyesho na anatarajia kwenda. Swali hili ni la lazima pale ambapo vichekesho vinaendelea wiki baada ya wiki, kama ilivyokuwa kwa miaka mingi kundi la Fun Factory lilipokuwa likipanda jukwaa la ukumbi ule wa taifa kila Alhamisi. Akiwepo mtu wa namna hiyo, simulia mwanzo wa wimbo, hali ya ukumbi na uso wa mwimbaji, lakini geuko la mwisho mwachie alikute mwenyewe.

Mkiwa mmeliona onyesho lile lile kwa siku tofauti, msishindane nani aliona usiku bora. Borge huyo niliyemtaja alifanya onyesho lake la peke yake mara 849 mfululizo kule Broadway, eneo la kumbi za maonyesho mjini New York, kuanzia mwaka 1953, na bila shaka sehemu kubwa ya programu ilijirudia. Lakini hadhira haikujirudia. Kilicho chenu nyinyi ni tofauti za usiku mmoja na mwingine: mtoto aliyelia na mwimbaji akamfuatisha kwa kinanda, umeme uliokatika akaimba bila kipaza sauti, au mzaha uliowaua watu Alhamisi hii na wiki iliyofuata ukapita bila hata mguno. Amalize mmoja kwanza, ndipo mwingine aseme usiku wake ulikuwaje.

Usiku mbaya nao usimuliwe, ila kwa haki. Niliwahi kuketi katika ukumbi wa hoteli ambako spika zilikwaruza kiasi kwamba hatukusikia hata kina kimoja, na wengi waliondoka wakisema mchekeshaji hana kitu. Tenganisha kilichoharibiwa na mitambo na kilichomshinda msanii. Vilevile, mtazamaji aliyetaniwa kutoka jukwaani, awe kwa sababu ya kofia yake au kuchelewa kwake, usimtaje jina hata kama unamjua. Alikubali kuchekwa na watu wa chumba kile kwa usiku ule tu.

Mwisho wa mkutano, kila mmoja aandike nyuma ya tiketi yake tarehe, kiti na wimbo mmoja alioupenda, kisha tiketi ziwekwe katika bahasha moja kwa mtu mmoja. Akiwepo anayejua kupiga ala, aje nayo mara nyingine. Asipokuwepo, meza inatosha kugongwa kwa vidole, mradi anayegonga ajue ni mpigo upi wa kuuruka.