Namna ya Kujenga Barabara Kuu ya Mpakani: Anza na Maji

Anayetoka Mokowe, katika Kaunti ya Lamu nchini Kenya, kwenda Kiunga wakati wa kaskazi, nchi ikiwa imekauka na vumbi limetanda, huona vigumu kuamini kwamba adui mkubwa wa barabara katika mwambao huu wa mpakani ni maji. Kuanzia mji mdogo wa Hindi hadi kukaribia Somalia ardhi ni tambarare, na hata kijiji cha Milimani, ambacho jina lake humfanya mgeni atarajie miinuko, kiko katika bapa hilohilo. Mwongozo huu nimewaandikia vijana wa Lamu wanaosomea uhandisi na upimaji, kwa kuwa tangu mradi wa LAPSSET, yaani wa bandari ya Lamu na njia za kuiunganisha na Sudan Kusini na Ethiopia, ulipozinduliwa tarehe 2 Machi 2012, na gati la kwanza la bandari kufunguliwa tarehe 20 Mei 2021, kazi za barabara zimekuwa sehemu ya maisha yetu, na ningependa wanaozisimamia wawe watu wanaoijua nchi hii. Hatua zote nimezipanga kwa kufuata swali moja: maji yatapita wapi?

Hatua ya kwanza ni kuitembea njia kwa miguu kabla ya kupiga kigingi hata kimoja, tena uitembee mwezi wa Mei au Juni, mvua za masika zikiwa bado zinanyesha au zimetoka kupita. Picha za setilaiti na za droni zina faida kubwa, lakini hazionyeshi mstari wa majani makavu yaliyonasa kwenye vichaka kwa kimo cha goti, ambao ndio alama ya mahali mafuriko yalipofika. Angalia pia mimea na wadudu. Mikoma hupenda mahali maji yanapotuama, ilhali vichuguu vikubwa vya mchwa kwa kawaida huwa mahali palipoinuka kidogo. Kisha uwaulize wenyeji, yaani Waaweer wa Basuba, Mangai na Mararani, na Wabajuni wa pwani, nawe uandike wanachokuambia kwa makini uleule unaoandikia vipimo vya mashine.

Nalisisitiza hili kwa sababu nililishuhudia. Nilikuwa msaidizi wa mpima ardhi katika kazi ndogo ya barabara ya changarawe, tukiweka alama za kalvati mbili, yaani mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, akaja mzee mmoja wa Kiaweer, akatusalimu, akasimama akitutazama kwa muda, kisha akaniambia: "Mwanangu, mai hayapiti hapo. Ndia yake ni kule kwenye mikoma." Nilimjibu, "Ahsante, mzee, tumesikia," lakini michoro ilionyesha kwamba tuliposimama ndipo mahali pa chini kabisa, tukaendelea na kazi. Mwezi wa Mei maji yalipita kwenye mikoma, kiasi cha hatua mia mbili kutoka pale, yakaikata barabara kwa upana wa hatua thelathini. Nilipoinama kuchungulia ndani ya kalvati zetu nikakuta vumbi kavu na utando wa buibui. Kosa letu lilikuwa kupima miinuko katika mstari wa katikati ya barabara peke yake, ilhali bapa lote lilikuwa limeinamia upande kwa sentimita chache tu, na katika nchi tambarare sentimita hizo chache ndizo zinazoamua kila kitu. Kwa hiyo pima pia mistari ya kukata njia, inayoenea mbali pande zote mbili, na usiridhike mpaka uweze kueleza maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi.

Kabla ya mashine kuingia, malizana na watu na ardhi yao. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka tathmini ya athari ifanywe kwanza, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka fidia ya haki na ya haraka, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inazihusu jamii zinazomiliki ardhi kwa pamoja. Sisi wa Lamu tuna mfano wetu wa karibu: mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi walioathiriwa na ujenzi wa bandari walipwe shilingi bilioni 1.76, na miongoni mwa mambo iliyoyapima ni kama wananchi walishirikishwa ipasavyo. Msimamizi mwema huitisha baraza katika kila kijiji, huonyesha ramani kwa lugha inayoeleweka, na huandika katika taarifa yake visima, makaburi, njia za mifugo na mahali pa kurina asali. Msitu wa Boni na ule wa Dodori ni hifadhi za taifa, kwa hiyo machimbo ya changarawe na kambi za wafanyakazi hazipangwi humo kiholela.

Baada ya hapo unakuja udongo, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie. Sehemu kubwa za upande wetu wa Lamu bara zina udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hufura ukilowa na kupasuka ukikauka. Unaweza kuutambua bila maabara. Chukua donge, lilowanishe, liviringishe juu ya kioo kwa kiganja mpaka liwe uzi wenye unene wa milimita 3. Udongo wa mchanga utakatika mapema, lakini huu mweusi utaendelea kurefuka na kukunjika, nawe utaona weusi wake umeng'ang'ania kwenye mistari ya kiganja chako hata baada ya kunawa. Kwa kazi yenyewe, hata hivyo, chimba mashimo ya majaribio, upeleke sampuli maabara, upime nguvu ya ardhi kwa kipimo cha CBR, ambacho hueleza kwa asilimia uwezo wa udongo kubeba mzigo ukilinganishwa na kokoto ngumu. Mwongozo wa Kenya wa usanifu wa barabara wa mwaka 1987 uliipanga ardhi ya msingi katika madaraja ya nguvu kuanzia S1, lililo dhaifu kabisa, hadi S6, na daraja la S1, lenye CBR ya 2 hadi 5, ndilo udongo mweusi unamoangukia mara nyingi. Baina ya shimo na shimo tumia kipimo cha kudondosha nyundo ya kilo 8 kutoka kimo cha milimita 575, kwani ni chepesi kubeba na hukupa habari za karibu mita nzima kwenda chini kwa muda mfupi.

Ukiukuta udongo huo una njia mbili. Ya kwanza ni kuuchimba na kuuondoa, ambayo inafaa pale tabaka lake lilipo jembamba. Ya pili ni kuutibu kwa chokaa, kitu ambacho wazee wetu walikijua kwa kuchoma matumbawe na kujengea nyumba za mji, ingawa kwa barabara ni lazima kitumike chokaa cha kiwandani chenye ubora usiobadilika, na matumbawe yaachiwe samaki. Fanya hesabu mapema. Tabaka la upana wa mita 10 na unene wa milimita 150, kwa kilomita moja, ni meta za ujazo 1,500. Ikiwa kila meta ya ujazo ina tani moja na nusu ya udongo mkavu, asilimia 5 ya chokaa ni zaidi ya tani 112 kwa kila kilomita. Changanya, uache udongo upoe kwa siku moja au mbili, uchanganye tena, ndipo ushindilie.

Maji ya kushindilia yana hesabu yake pia. Tabaka la changarawe la ukubwa huohuo, lenye tani mbili kwa kila meta ya ujazo, likihitaji kuongezewa maji ya asilimia 8 ya uzito wake, litameza kiasi cha lita 240,000 kwa kilomita, yaani safari 24 za boza la lita 10,000. Mahali ambapo watu wenyewe hutegemea visima na majabia, yaani matangi ya kuhifadhia maji ya mvua, mkandarasi hana haki ya kuyachota maji hayo; na achimbe mabwawa yake wakati wa mvua, kisha awaachie wenyeji kazi ikimalizika. Asikimbilie maji ya chumvi. Chumvi hupanda juu pamoja na mvuke wa jua, ikaganda chini ya lami nyembamba na kuiinua vipande vipande. Palipo na chumvi kidogo isiyoepukika, tabaka la juu lifunikwe kwa lami mara tu linapokamilika, bila kuachwa wazi kwa wiki kadhaa.

Tuta liinuliwe kiasi kwamba katikati ya barabara iwe juu ya sakafu ya mfereji kwa sentimita 75 hivi au zaidi. Katika udongo mweusi mfereji usikae mguuni mwa tuta. Usogezwe mbali kwa mita 4 hadi 6, ili kulowa na kukauka kwake kusifike chini ya magurudumu, na kwa sababu hiyohiyo mabega ya barabara nayo yapakwe lami. Shindilia kwa tabaka za milimita 150. Badala ya kalvati moja kubwa, weka nyingi zilizotawanyika kwa kufuata upana wa mafuriko, na zisiwe na kipenyo cha chini ya milimita 900, maana iliyo ndogo kuliko hiyo haimruhusu mtu kuingia kuitoa takataka. Mdomo wa kutokea maji ujengewe sakafu ya mawe. Pale maji yanapokuja kwa upana mkubwa kwa siku chache za mwaka, kivuko cha zege kinachofunikwa na maji, chenye nguzo za kuonyesha kina, ni bora kuliko tuta refu litakalogeuka bwawa.

Atakayepangiwa kazi katika mpaka wa milima atalikuta swali lilelile, ila maji humjia kwa kasi na kwa juu. Huko mfereji wa kwanza huchimbwa juu ya ukingo uliokatwa, kila korongo hupewa kalvati yake, kuta za mawe yaliyofungwa kwa wavu huzuia miteremko, na kifusi hakimwagwi bondeni. Barabara ya Karakoram, inayounganisha Pakistan na China kupitia Khunjerab kwenye kimo cha zaidi ya mita 4,600, iligharimu maisha ya mamia ya wajenzi. Tarehe 4 Januari 2010 mlima uliporomoka Attabad ukaziba mto Hunza, likatokea ziwa lililozamisha kilomita nyingi za barabara hiyo, na mahandaki ya kulizunguka yalifunguliwa mwaka 2015.

Kuhusu usalama, wajenzi wameshambuliwa na mabomu yametegwa katika njia zetu. Panga safari na vyombo vya usalama, ratiba za malori zisitangazwe, na usimlazimishe kibarua kwenda pasipo na ulinzi kwa kuogopa kuchelewa. Lami yenyewe ni sehemu ya ulinzi, kwa kuwa si rahisi kuchimba na kufukia kitu ndani yake bila kuacha alama, tofauti na njia ya mchanga.

Mwisho, tenga fedha za matunzo ndani ya mkataba wenyewe, ukiajiri kikundi cha kila kijiji kwa kipande chake cha barabara. Wapewe majembe, mapanga na toroli, na mwezi wa Machi, kabla kusi haijaingia, waingie katika kila kalvati kuondoa mchanga na matawi, kisha waandike katika daftari namba ya kalvati, tarehe, na maji ya mwaka uliopita yalifika kimo gani ukutani.